Thau Sita

Tangu Dada aweke ile picha kwenye grupu la familia sijapumzika. Ninaonekana nimevaa fulana ya rangi ya machungwa, nimesimama pembeni mwa shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, na mkononi nimeshika bastola kubwa ya chuma cheupe, mtutu ukitazama chini. Binamu zangu wa Vihiga wanauliza kama nimekuwa mwindaji. Mama mkwe alipiga simu kuuliza kama kuna mtu ananisumbua. Kijana ninayemfundisha kazi karakanani aliitazama muda mrefu, akaivuta kwa vidole viwili ikawa kubwa, kisha akaniuliza: "Fundi, hiyo fremu ya bastola wameikata kwa mashine ama kuna mtu ameipiga tupa?"

Hilo ndilo swali lililoniketisha hapa usiku huu.

Silaha ile inaitwa Anaconda, ya kampuni ya Kimarekani, Colt. Ni rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya kuwindia, kaliba (upana wa risasi kwa inchi) .44 Magnum, risasi sita kwenye silinda. Ilianza kuuzwa mwaka 1990, ikaacha kutengenezwa baada ya miaka kama kumi hivi, ikakaa kimya, kisha ikarudi mwaka 2021, mwaka ule ule Nakuru yetu ilipopandishwa kuwa jiji. Mimi sina bunduki wala sijawahi kuomba cheti cha kumiliki. Mimi nakereza vyuma. Miaka 31 nimesimama mbele ya lethi hapa Nakuru, nikitengeneza shafti za posho mill, bushi za trela, na pini za zile mashine za kuchimba mitaro. Lakini chuma kilichofanywa vizuri hata kiwe cha kazi gani, mimi lazima nisimame nikiangalie. Na hiki nilikipima kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kipimo cha marehemu Baba.

Nianze na hicho kipimo.

Baba alikuwa fundi wa magari ya safari za uwindaji. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha Land Rover za kambi zinawaka asubuhi, huko upande wa Narok, wakati wageni walipokuwa wakija kuwinda kwa mwezi mzima. Mei 1977 serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na mwaka uliofuata maduka ya pembe, ngozi na meno nayo yakafungwa. Kambi zikavunjwa. Baba akashuka Nakuru na sanduku la spana, na ndani ya sanduku lile mlikuwa na fila geji ya Kiingereza, kipimo cha kupimia mianya midogo, majani 13 ya chuma chembamba yaliyokunjika pamoja kama upepeo, kila jani limepigwa namba yake kwa thau. Thau ni inchi moja uigawe mara elfu. Tapeti za Land Rover za siku zile, vyuma vya kusukumia vali za injini, zilitaka mwanya wa thau kumi, kwa hiyo jani la kumi limelika ncha. Mengine yako karibu kama yalivyotoka dukani.

Novemba 2022 nilikwenda Columbus, Ohio, kwa harusi ya binti ya Dada. Shemeji alikuwa ameniambia kwenye simu kwamba jirani yao ni mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza dai, yaani kalibu za chuma, na vifaa vya viwandani, mtu anayeongea habari za chuma kama wengine wanavyoongea habari za mpira. Nikatia ile fila geji kwenye sanduku la nguo. Sikutaka kukutana na fundi mwenzangu mikono mitupu.

Mzee ana umri wa miaka 78. Chini ya nyumba yake kuna chumba chenye lethi ndogo, jiliwa mbili, na ukuta mzima wa tupa zilizopangwa kwa ukubwa. Aliichukua fila geji ya Baba, akaikunjua jani moja moja, akasoma jina la mji wa Uingereza lililopigwa kwenye kifuniko, akauliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza. Nilipofika kwenye habari ya kambi za uwindaji akanyamaza kidogo, akafungua kabati la chuma lenye kufuli mbili, akatoa rivolva mbili akaziweka juu ya kitambaa. Kabla ya kunisogezea alifungua silinda ya kila moja akanionyesha matundu sita matupu, kisha akanitaka mimi nihesabu kwa sauti. Nilihesabu.

Moja ilikuwa Anaconda ya zamani, aliyoinunua mkononi mwa mtu. Nyingine ilikuwa Anaconda mpya.

Wasiojua habari zake wanisikilize kidogo. Risasi ya .44 Magnum ilitokana na ukaidi wa mfugaji mmoja wa Idaho, Elmer Keith, aliyekaa miaka mingi akishindilia baruti nyingi kwenye risasi ya .44 Special kuliko viwanda vilivyothubutu, akitaka bastola inayoweza kuangusha mnyama mkubwa. Mwishowe Remington wakatengeneza risasi, Smith & Wesson wakatengeneza rivolva, na mwaka 1956 ikawa sokoni. Jina lenyewe si sahihi sana: nilipotia venia, kipimo cha kubana, kwenye kichwa cha risasi nilipata inchi 0.429, karibu milimita 10.9. Uzito wake wa kawaida ni gramu 15.5, mara mbili ya kichwa cha bastola ya milimita 9, na huruka zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Ndani ya chemba, lile tundu la silinda linaloshika risasi, msukumo unaruhusiwa kufika pauni 36,000 kwa kila inchi mraba. Wenzangu mnaotengeneza paipu za haidroli mnajua ekskaveta inafanya kazi kwa kama 5,000. Zidisheni mara saba, mshike mkononi.

Colt walichelewa sana kwenye kaliba hii. Walikuwa na rivolva ya Python tangu 1955, ya .357 Magnum, iliyosifiwa kwa ulaini wa triga yake, na ulaini ule ulitoka kwenye tupa na jiwe la kunolea. Kila Python ilikuwa imekaa mbele ya mtu aliyevilinganisha vipuri vya ndani mpaka vikakubaliana. Anaconda ilipokuja 1990 walikuwa wamechelewa zaidi ya miaka 30, na ingawa kwa nje ilifanana na Python iliyonenepa, ndani ilikuwa mashine nyingine, yenye springi ya koili nyuma ya nyundo. Kisha mikono ya mafundi ikawa ghali kuliko bei ambayo mnunuzi angekubali. Anaconda ikaondoka, Python ikaondoka 2005, na 2015 kampuni yenyewe ikaingia mahakamani kwa kufilisika. Waliporudisha Python mwaka 2020 walikuwa wameichora upya ili mashine za kompyuta ndizo zifanye kazi ya kulinganisha. Anaconda ya 2021 ni mtoto wa Python hiyo mpya. Koili imeondoka, mahali pake pana springi bapa iliyokunjwa kama herufi V. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 1,499. Na mwaka huo huo kampuni ikanunuliwa na Wacheki.

Sasa turudi kwenye kile kitambaa.

Rivolva ina tatizo moja ambalo bunduki ya kawaida haina. Silinda inazunguka, mtutu umesimama, kwa hiyo lazima uache mwanya kati yao. Ukiuacha mkubwa, moto wa baruti unachomokea pembeni na nguvu inapotea. Ukiubana sana, masizi ya baruti yanajaa baada ya risasi chache na silinda inakwama. Mwanya mzuri ni wa thau chache tu. Nikamwangalia mzee, naye akaniangalia, akasukuma fila geji ya Baba upande wangu.

Nilianza na ile ya zamani. Jani la sita likaingia. La saba likaingia. La nane likakataa. Nikageuza silinda chemba ya pili: la saba likakataa. Ya tatu, la saba likaingia kwa kusitasita. Nilizunguka zote sita na hakuna mbili zilizofuatana zilizosema neno moja. Kisha mzee akaniambia nivute nyundo polepole sana huku nikitegea sikio. Kwenye rivolva iliyo sawa, kidole kidogo cha chuma kinaisukuma silinda, na komeo linaruka kuifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Unasikia mlio wa komeo, halafu mlio wa nyundo. Kwenye chemba nne nilisikia hivyo. Kwenye mbili nyundo ilifika kwanza, na silinda ilikuwa bado inacheza chini ya kidole gumba changu. Silaha hiyo si ya kupigwa. Mzee alisema mtu aliyekuwa nayo kabla yake aliipeleka kwa fundi aliyepiga tupa kwenye kile kidole akitaka ulaini, akakifupisha. Alinionyesha kwa lenzi. Mistari ya tupa ilikuwa bado iko, imekwenda mshazari, na ncha imekuwa duara mahali palipotakiwa pembe kali. Niliumia. Nimeona kazi kama ile mara nyingi, shafti nzuri iliyoharibiwa na mtu mwenye haraka, na mwenyewe analetewa hasara asiyoielewa.

Unaweza kununua kidole kingine, mzee akaniambia, lakini kitakuja kikubwa kidogo kwa makusudi, ili fundi akile pole pole mpaka kikubaliane na silinda hiyo moja tu. Na wanaojua kukila vizuri aliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Nikashika ile mpya. Kilo moja na nusu, mtutu wa inchi sita, na juu ya mtutu ule ubavu wenye madirisha kama wa Python. Kitasa cha kufungulia silinda unakivuta nyuma, Colt wote wako hivyo. Jani la sita likaingia, likatoka na ule mkwaruzo mdogo fundi anaoujua kwenye ngozi ya vidole. La saba likakataa. Chemba ya pili, la sita likaingia, la saba likakataa. Ya tatu hivyo hivyo. Nilipofika ya sita nilikuwa nimeacha kupumua. Thau sita, mara sita. Nikavuta nyundo polepole: komeo, nyundo. Komeo, nyundo. Mara sita bila kukosa.

Nitasema ninavyoamini, na najua mafundi wenzangu wa rika langu hawatapenda. Nimeishi kwa mikono yangu na ninaiheshimu mikono. Lakini kile nilichokishika siku ile kilikuwa bora, na kilikuwa bora kwa sababu hawakujaribu kuifufua ile ya kwanza jinsi ilivyokuwa. Wangeirudisha vile vile ingetaka mafundi wale wale, na mafundi wale wamezeeka, wengine wamezikwa. Walirudi kwenye karatasi, wakauliza kila kipuri kinafanya nini, wakakichora upya kitoke kwenye mashine kikiwa karibu kabisa kumalizika. Jina ni lile na umbo ni lile. Ukiifungua ndani ni kitu cha leo. Mzee alinionyesha pia mahali ambapo mashine inaonekana: pembe mbili chini ya fremu zilizoachwa na ukali ambao fundi wa zamani angeupitisha msasa mara tatu. Zinakwaruza kidole. Sikuzipenda pembe zile. Lakini kati ya pembe ya kukwaruza na komeo linalochelewa, mwenye akili anajua atachagua ipi.

Kuhusu kupiga. Sheria ya Marekani haimruhusu mgeni wa viza ya matembezi kushika silaha vivi hivi, isipokuwa awe na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Ohio wana leseni ya mwanagenzi, ambayo unawinda ukiwa na mtu mzima mwenye leseni yake kando yako. Nilikata hiyo. Nilipoona neno mwanagenzi limeandikwa juu ya jina langu nilimkumbuka Baba, aliyeniweka mwaka mzima kufagia vyuma kabla hajaniruhusu kugusa lethi.

Mzee alinipa risasi sita, lakini alitia moja moja. Mgeni wa teke kama lile akipewa silinda iliyojaa, mkono unaweza kubana triga mara ya pili bila yeye kutaka. Nilifunga masikio, nikashika kwa mikono miwili, nikavuta nyundo, nikabana. Sikuusikia mlio. Nilihisi viganja vimesukumwa kama unapopiga nyundo nzito kwenye fuawe ukakosa, na mtutu ulikuwa unatazama juu ya miti. Ya pili nilifumba macho, akaniambia. Ya tatu sikufumba. Risasi mbili za mwisho zilikaa kwenye karatasi, umbali wa kiganja kimoja kati yao, mita 20. Kabla bastola haijapoa nikamwomba anifungulie, nikapitisha tena jani la sita. Liliingia vile vile na kutoka na mstari mweusi wa masizi.

Jumatatu tarehe 28 ndiyo wiki ya kuwinda kulungu kwa bunduki ilipofunguliwa. Kule huruhusiwi kumwinda kulungu kwa bastola ya namna yoyote upendayo: mtutu usipungue inchi tano, ganda la risasi liwe limenyooka, na kaliba ianzie .357. Tulikaa chini ya mti tangu gizani, baridi ikipita soli za viatu. Wa kwanza alipita kama mita 80 na mzee hakuinua hata mkono. Alisema bastola ni ya hatua 50, zaidi ya hapo ni kubahatisha na uchungu wa mnyama. Saa tatu kasoro akaja jike, hatua 30, ubavu wazi. Mzee akapiga risasi moja. Alikimbia mpaka kwenye ua akalala. Mzee alivua kofia, akasimama kidogo kabla hatujamkaribia. Kuchuna nilijua, mbuzi na kulungu havitofautiani sana, na jioni Dada alikaanga maini kwa vitunguu tukala na ugali, mzee na mkewe wakiwa mezani.

Wale wanaoniuliza kwenye grupu kama ningependa uwindaji urudi Kenya, jibu langu ni hapana. Mzee yule anawinda mnyama aliye tele, kwenye shamba analolijua, na nyama inaingia kwenye friza lake. Baba alituhadithia jioni moja ambayo mgeni alimjeruhi nyati na jua likazama. Mgeni alirudi kambini kuoga. Aliyetumwa kuingia kwenye kichaka alfajiri kumfuata yule nyati alikuwa mfuata nyayo, kijana wa kwao huko huko, na alirudishwa kwa Land Rover ambayo Baba mwenyewe aliifuta damu. Pembe zilikwenda ng'ambo. Nyati ninaowaona leo nikipeleka wanangu kule mbugani, wamesimama kwenye nyasi karibu na ziwa lililopanda, wakae hivyo hivyo.

Wiki jana mteja wa Bahati aliniletea pampu ya maji ya petroli, anamwagilia kabeji, inawaka kwa shida. Kijana wangu akafungua kifuniko cha vali. Ya kuingiza hewa inataka milimita 0.15, ambayo ni thau sita. Akachukua fila geji ya Baba, akakunjua mpaka jani la sita, akaona ule mstari mweusi.

"Fundi, hii ni nini?"

Nikamwambia ni masizi ya baruti. Akaliangalia lile jani, akaniangalia mimi, kitambaa cha petroli kiko mkononi mwake tayari lakini hakukisogeza. Nilikuwa nimelihifadhi hivyo tangu Ohio, sijalipangusa. Lakini uchafu juu ya jani ni unene, na pampu ya watu inasubiri.

"Pangusa," nikamwambia. "Pande zote mbili."